Nina USDT kwenye simu, naenda Dubai na Guangzhou: je, nitangaze mpakani?

Swali hili limetoka kwa dada mmoja mwenye duka la vitambaa karibu na Biashara Street, Mombasa. Nimelifupisha kidogo (USDT anazozitaja ni sarafu ya kripto ambayo thamani yake imefungwa kwenye dola ya Marekani):

"Wakili, as-salaam alaykum. Mwezi ujao nasafiri kutoka uwanja wa Moi kwenda Dubai, kisha Guangzhou kutafuta mzigo wa vitenge na mapazia. Nina dola 4,000 taslimu, na USDT za kama dola 14,000. Nusu ziko kwenye simu, nusu kwenye kile kifaa kidogo mfano wa flash. Baadhi alinitumia kaka yangu aliyeko Uingereza. Tena kuna wenzangu watatu wenye maduka wanataka kunipa pesa zao nizigeuze USDT, niwanunulie mzigo wao hukohuko. Kurudi nitashukia Dar es Salaam, nipitie Tanga kumwona shangazi, halafu niingie kwa basi Lunga Lunga. Mjomba ananiambia ikizidi dola 10,000 na hukuitangaza, inachukuliwa yote. Je, kripto inatangazwa? Nikiulizwa niseme nini? Na wakitaka kufungua simu?"

Wa alaykumu s-salaam, dada yangu. Mjomba wako sheria anaijua, ila ameipeleka mahali ambapo haijafika. Jibu fupi ni kwamba pale uwanja wa Moi huna cha kutangaza. Jibu refu ni kwamba safari uliyoipanga ina hatari zake, na karibu zote haziko pale uwanjani.

Tuanze na hizo dola 10,000. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Kuzuia Utakatishaji Fedha ya mwaka 2009, ile ambayo mawakili huiita POCAMLA, kinamtaka kila anayeingia au kutoka Kenya akiwa na fedha zinazofikia dola 10,000 za Marekani, au thamani yake kwa sarafu yoyote, aziripoti kwa afisa wa forodha. Zinajumlishwa: ukiwa na dola, dirhamu na shilingi kwenye mkoba mmoja, ni hesabu moja. Fomu ya kujaza ni ile F88 ya abiria. Fedha zinazokusudiwa hapo ni noti na sarafu, hundi za wasafiri, na karatasi za thamani ambazo yeyote anayezishika anaweza kulipwa. Salio la USDT halimo katika orodha hiyo. Wewe una dola 4,000 za noti, hujafika hata nusu ya kiwango.

Hili si pengo la Kenya peke yake. Marekani ina fomu yake, FinCEN 105, kwa anayezidisha dola 10,000, na kripto haimo. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia Kanuni 2018/1672 tarehe 3 Juni 2021, kiwango kikiwa euro 10,000. Kanuni hiyo imetaja mpaka sarafu za dhahabu na vinoo vya dhahabu, lakini kripto haikuitia. Sababu yenyewe ni nyepesi kuielewa. USDT zako hazisafiri nawe. Daftari linaloonyesha ni zako liko kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na litabaki hukohuko uwe Nyali au Guangzhou. Ulichobeba mkobani ni funguo tu, sawa na mtu anayepanda ndege na ufunguo wa nyumba yake ya Kisauni. Hakuna forodha inayomwandikia kwamba amevuka na nyumba.

Ndiyo maana FATF, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya kupambana na utakatishaji fedha, kilipoamua kuidhibiti kripto hakikwenda mpakani. Abiria mwenye noti ana pendekezo lake, la 32. Kripto ikawekwa kwenye pendekezo la 15, linalowabana watoa huduma: masoko ya kripto, wanaobadilisha, wanaohifadhi, wanaotuma kwa niaba ya wengine. Kenya imefuata njia hiyohiyo. Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali ya 2025 ilitiwa saini na Rais Oktoba mwaka huo na kuanza kutumika tarehe 4 Novemba. Inagawa usimamizi kati ya Benki Kuu, yaani CBK, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Haijaifanya kripto kuwa pesa halali ya kulipia deni, na pia haimfanyi mhalifu mtu anayemiliki yake mwenyewe. Macho yake yako kwa anayefanya biashara ya kuwahudumia wengine. Kumbuka neno hilo, biashara, maana nitalirudia nikifika kwa wenzako watatu.

Sasa tufike Dubai, ambako ndiko hesabu yako inakobadilika.

Kuingia Falme za Kiarabu au kutoka, unatakiwa utangaze fedha taslimu, hundi za kulipwa mshikaji, na madini na vito vya thamani vikizidi dirhamu 60,000. Wana mfumo wao wa mtandaoni, Afseh, unaojaza kabla ya safari. Unaingia na dola 4,000. Dola moja imefungwa kwenye dirhamu 3.6725, kwa hiyo una dirhamu 14,690. Hakuna neno. Tuseme sasa umekaa Deira siku mbili, umeuza USDT zote 14,000 ukalipwa noti. Hizo ni kama dirhamu 51,400. Jumlisha na zile za kwanza, unapata zaidi ya dirhamu 66,000. Asubuhi unapanda ndege ya Guangzhou ukiwa umevuka kiwango, na wewe bado unajiona yuleyule uliyetoka Mombasa bila cha kutangaza. Ukigeuza kripto kuwa noti, ni fedha taslimu kama nyingine zozote, na kila sheria aliyokutisha nayo mjomba inaanza kufanya kazi hapo. Ukiigeuza dhahabu ukifikiri umekwepa, kule wanaihesabu pia.

Ukishuka China, kiwango ni kidogo zaidi. Fedha za kigeni taslimu zikizidi thamani ya dola 5,000 za Marekani unatakiwa uzitangaze forodhani, na yuan taslimu huruhusiwi kuvuka nazo zaidi ya 20,000. Wafanyabiashara wetu wengi huijua hii ya dola 5,000 wakati wa kutoka, pesa zinapozuiliwa kwa kuwa hawakuziandika walipoingia. Ukitangaza wakati wa kuingia, utapewa karatasi. Itunze pamoja na pasipoti.

Na kama unawaza basi usiuze Dubai, umlipe muuzaji wa Guangzhou kwa USDT moja kwa moja, nakusihi usifanye hivyo. Najua wengi wanalipa hivyo, na najua muuzaji mwenyewe ndiye atakayekupa anwani ya waleti yake, yaani pochi yake ya kripto, akitabasamu. Lakini tarehe 24 Septemba 2021 Benki ya Watu wa China pamoja na taasisi nyingine za serikali walitoa tangazo kwamba shughuli zote za biashara ya kripto ni shughuli haramu za kifedha. Tangazo hilohilo linasema mikataba ya kripto inayokwenda kinyume na utaratibu wa umma ni batili, na hasara anaibeba mwenyewe aliyeingia. Maana yake kwako: ukilipa USDT 6,000 kwa marobota ya vitambaa, yakaja pungufu au yasije kabisa, utakwenda kushitaki wapi? Ukilipa kupitia benki una karatasi, una jina la kampuni, una pa kuanzia. Isitoshe, programu na tovuti nyingi za masoko ya kripto zimezuiwa kule. Unaweza kujikuta umesimama sokoni na akaunti haifunguki, au imejifunga yenyewe kwa kuwa imeona mtu anaingia kutoka nchi ambayo hawaihudumii.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi kwa sababu nakutana nalo hapa kwetu, bandarini. Mzigo ukifika Kilindini, KRA wanakadiria ushuru kwa bei uliyolipa kweli. Ndivyo inavyosema Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 122 na jedwali lake la nne. Afisa akiitilia shaka ankara yako, atataka ushahidi wa malipo. Mwenye hati ya benki inayolingana na ankara mpaka senti ya mwisho anapita. Mwenye picha ya skrini ya USDT iliyokwenda kwenye anwani ya herufi thelathini na kitu, isiyo na jina la kampuni, ana kazi ya kueleza. Akishindwa, bei yake inawekwa kando na kukadiriwa kwa njia nyingine, na kwa kawaida haikadiriwi kushuka. Wakati huo kontena limekaa na gharama za kuhifadhi zinapanda. Muulize wakala wako wa forodha kabla hujaenda. Atakwambia karatasi gani anazitaka.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu hizo 14,000 zako ni kuziuza nyumbani, mapema, kidogo kidogo, kupitia jukwaa linalokujua kwa jina na kitambulisho, ziingie benki yako, halafu mlipe muuzaji kwa TT, yaani uhamisho wa benki kwa benki, kwa proforma (ankara ya awali) yenye jina la duka lako. Kenya iliacha udhibiti wa fedha za kigeni tangu 1995, kwa hiyo hakuna kibali maalumu cha kutafuta ili utume dola kulipia mzigo. Benki itataka karatasi za biashara tu. Dubai nako kuna masoko ya kripto yenye leseni ya VARA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2022, na orodha yao iko wazi kwa kila mtu. Tatizo ni kwamba mengi yanataka kitambulisho cha mkazi, na mgeni wa siku tatu huishia kwenye viofisi vya ghorofani vinavyobadilisha bila leseni. VARA imewahi kuvipiga faini vya aina hiyo. Sitaki uwe ndani siku wanapokuja.

Ukiuza nyumbani kwa njia ya mtu kwa mtu kupitia M-Pesa, jua mipaka: muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na akaunti haibebi zaidi ya 500,000. Kuuza kwa awamu kwa sababu ya mipaka hiyo si kosa. Lakini usiombe laini za wadogo zako na za jirani ili upitishe nyingi kwa siku moja. Hapo unatengeneza picha ileile ambayo wachunguzi wa fedha haramu wamefunzwa kuitambua. Na usipokee malipo kutoka kwa jina lisilo la yule aliyenunua kwako. Ukipokea pesa za wizi, simu ya polisi itakuja kwako, yeye keshapotea.

Sasa wenzako watatu. Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu.

Wanakupa shilingi. Wewe unanunua USDT kwa jina lako. Unavuka nazo, unawalipia wauzaji wao. Pengine unabakisha kidogo cha jasho lako, ni haki yako. Kwa macho ya mtaani ni wema na ni uaminifu, na biashara ya Mombasa imejengwa kwa watu wanaoaminiana hivi. Kwa macho ya sheria, umepokea pesa za wengine, umezibadilisha kuwa mali ya kidijitali, umezihifadhi, kisha umezihamisha kwa niaba yao. Hizo ni shughuli zenyewe ambazo sheria ya 2025 inazitakia leseni zikifanywa kama biashara. Leseni hizo zinapewa kampuni, hazipewi mtu binafsi, na katika tangazo la pamoja la Novemba 2025 CBK na CMA walisema hawajampa yeyote bado. Kutuma fedha za watu nje nako kuna kanuni zake tangu 2013, nazo zinataka leseni ya Benki Kuu.

Je, mara moja tu, kwa watu watatu, ni biashara? Mimi kama wakili naweza kusimama mahakamani nikasema hapana: ni msaada, si huduma inayotangazwa kwa umma. Ningepata mahali pa kushika. Ila ukichukua kamisheni, na safari ijayo wakawa watano, na jina lako likaanza kusemwa sokoni kwamba fulani anapeleka pesa China kwa USDT, hoja yangu inadhoofika kila safari. Nisingependa uanze njia ambayo mwisho wake tunauona.

Tuiache leseni kando, bado kuna hatari kubwa zaidi. Pesa zao zikishaingia kwenye waleti yako, hakuna alama inayoonyesha ipi ni ya nani. Mmoja wao akiwa na kesi, au shilingi alizokupa zikawa zimetoka mahali pabaya bila yeye kujua, anayeonekana kwenye daftari ni wewe. Kampuni inayotoa USDT, Tether, ina uwezo wa kuzigandisha zikiwa kwenye waleti yoyote, na imefanya hivyo mara nyingi kwa maombi ya vyombo vya dola. Haigandishi sehemu ya mwenye kosa peke yake. Anwani nzima inasimama. Utakuwa Guangzhou, umeagiza mzigo wa watu wanne, na hakuna hata sarafu moja inayosogea. Kisha urudi uwaeleze wenzako wawili wasio na kosa lolote. Urafiki wa miaka mingapi utavumilia hilo?

Kuna njia safi, na si ngumu. Kila mmoja achukue proforma kwa jina la duka lake, alipe kupitia benki yake mwenyewe. Wewe uende kama jicho lao: ukague kitambaa, upime, upige picha, uthibitishe rangi na idadi kabla ya mzigo kufungwa. Wakulipe kwa kazi hiyo, mwandikiane karatasi moja fupi. Utapata jasho lako na hutashika pesa ya mtu.

Kuhusu kaka yako. Alichokutumia ni halali kupokea, ila uwe na ushahidi wa kilikotoka. Tangu 1 Septemba 2023 kampuni za kripto za Uingereza zinalazimika kukusanya na kupitisha jina la anayetuma na anayepokea, kwa hiyo jina lako tayari linaweza kuwa kwenye kumbukumbu zao. Tangu 1 Januari 2026 kampuni za huko, na za Umoja wa Ulaya pia, zinakusanya taarifa za wateja wao ili mamlaka za kodi za nchi mbalimbali zianze kubadilishana mwaka 2027. Mwambie akuandikie barua pepe ya kueleza ni msaada, ni mkopo au ni mtaji, na akutumie risiti ya jukwaa alilotumia. Utaona pia maswali yanazidi ukionyesha pasipoti ya Kenya. Tuliingizwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Februari 2024, na Umoja wa Ulaya ukatuweka kwenye orodha yake ya nchi zenye hatari kubwa mwaka 2025. Hawakutuhumu wewe binafsi. Wamelazimishwa na sheria zao kuuliza zaidi.

Kodi nitaipitia haraka. Ile kodi ya asilimia 3 ya thamani ya muamala wa kripto ilikuwepo tangu 1 Septemba 2023 na ikafutwa kuanzia 1 Julai 2025. Mahali pake pameingia ushuru wa asilimia 10, unaotozwa kwenye ada ya mtoa huduma na wala si kwenye mali yako. Kama ulifanya miamala katika kipindi kile cha katikati, kufutwa hakukufuti deni lililokwisha kuzaliwa. Hilo mpelekee mhasibu wako.

Sasa maswali ya mpakani yenyewe. Ukiulizwa "una pesa taslimu kiasi gani?", jibu ni dola 4,000, hilo ndilo lililoulizwa. Ukiulizwa waziwazi kama una kripto, sema unayo. Usikane. Kumiliki hakukuwa kosa, lakini kusema uongo kwa afisa wa forodha ni kosa lenyewe chini ya kifungu cha 203 cha ile sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, na watu wengi huingia matatani kwa jibu la uongo juu ya kitu ambacho kilikuwa halali kabisa. Beba kwenye bahasha taarifa ya akaunti ya jukwaa lako, iliyochapishwa, pamoja na risiti za kaka yako na leseni ya biashara ya kaunti. Afisa anaridhika haraka na karatasi kuliko na maelezo.

Kufungua simu kunategemea uko wapi. Hapa Kenya, Ibara ya 31 ya Katiba inakulinda dhidi ya kupekuliwa na dhidi ya kudaiwa habari zako binafsi bila sababu. Forodha wana mamlaka ya kupekua mizigo yako, hilo usilibishie. Akitaka kuingia ndani ya simu, uliza kwa adabu ni kwa msingi gani, omba msimamizi wake awepo. Ukikamatwa, Ibara ya 49 inakupa haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Ukiwa nje, usibebe Katiba yetu kichwani ukadhani inasafiri. Uingereza, kukataa kutoa nywila ukizuiliwa mpakani chini ya Jedwali la 7 la Sheria ya Ugaidi ya 2000 ni kosa la jinai. Marekani wanaweza kupekua simu, na mgeni anayekataa anaweza kurudishwa alikotoka. New Zealand ina faini ya hadi dola 5,000 za kwao. Dubai na China, ukiagizwa na afisa rasmi ndani ya ofisi yake, fungua.

Lakini kuna kitu kimoja usimpe mtu yeyote, awe na sare au asiwe nayo: yale maneno 12 au 24 ya siri ya waleti yako. Hakuna afisa anayeyahitaji ili kuhakikisha salio. Anayeyapata anaweza kuhamisha kila kitu akiwa chumba cha pili. Akiyadai, mwambie utamwonyesha salio na historia ya miamala, na uombe wakili au ubalozi. Karatasi uliyoyaandika ibaki nyumbani, mbali na kile kifaa. Tangu 26 Aprili 2024 polisi wa Uingereza wanaruhusiwa kuchukua vitu vinavyoweza kufungulia kripto, ikiwemo karatasi ya aina hiyo, wakishuku uhalifu. Nalitaja hilo kwa ajili ya siku utakapomtembelea kaka yako. Kifaa chenyewe nacho sioni kwa nini ukibebe. Ukikibeba, kiweke mkoba wa mkononi, kwani vingine vina betri ya lithiamu, na mzigo wa chini hupotea.

Na ukibadilisha njia, angalia kwanza nchi unayopitia. Ziko ambazo hata kumiliki ni kosa: Algeria ilipitisha sheria Julai 2025 inayoharamisha kripto kuanzia kuinunua mpaka kuwa nayo tu. Hapo hoja yangu ya funguo haitakusaidia.

Imebaki Tanzania. Fedha taslimu kule pia hutangazwa kuanzia dola 10,000, kuingia na kutoka. Kuhusu kripto, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo tarehe 12 Novemba 2019 kwamba kuifanyia biashara, kuitangaza na kuitumia ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ya huko ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Utaona mkono mmoja unakataza na mwingine unatoza. Ndivyo hali ilivyo, na mgeni wa siku mbili si mtu wa kuijaribu. Kupita na simu yenye programu ya waleti siyo shida yenyewe. Shida ni ukifika Tanga, kijana wa jirani akamwambia shangazi kwamba anatafuta USDT na bei yake nzuri. Usiuze hata ya dola 50. Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha pamoja, maafisa wa nchi mbili wako hapohapo. Ukiwa umebakiwa na noti zinazofikia kiwango, mwambie afisa mwenyewe kabla hajakuuliza, ujaze fomu, uombe nakala yenye mhuri.

Wale wenzako watatu waambie waje na proforma zao kabla hujakata tiketi. Kama wameshakupa pesa, warudishie kwa njia ileile waliyokupa, laini ileile, jina lilelile, na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa.